Kuku Niliyepewa Kula Peke Yangu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko huu, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la saba na naandika taratibu sana. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, maana mbele za watu sauti yangu hupotea.

Nilikuja Kiomboi kukaa kwa dada yangu, tumbo moja, baada ya kumaliza shule kwetu upande wa Misigiri. Namsaidia shemeji kwenye shamba la alizeti. Shemeji ni mzee wa kanisa linalosali Jumamosi na kushika sheria za vyakula za Musa. Kwao nguruwe hatajwi hata kwa utani. Kambare hapiti mlangoni kwa kuwa hana magamba. Dada yangu, ambaye tulipokuwa wadogo tuligombania kichwa cha kambare mpaka mama anakitupa, siku hizi akipita sokoni kwenye meza za samaki anaziba pua.

Sikuona ubaya. Nilikuwa najifunza ili nami nibatizwe. Jioni shemeji alinifundisha, nami nilimuuliza kidogo kidogo. Mama yetu husema Petro aliona shuka limejaa wanyama wa kila aina, akaambiwa achinje ale, basi mambo ya najisi yakaisha. Nilipomwambia shemeji hivyo, alicheka.

"Lile shuka lilihusu watu, si nyama," alisema. "Mungu alikuwa anamkataza Petro asimwite mtu yeyote najisi. Nguruwe alibaki nguruwe."

Niliona amejibu vizuri.

Kisha mdondo ukaingia kwa kuku wa mtaa wetu. Kuku walikuwa wanasinzia juani, shingo zimepinda, kisha wanakufa. Mchana mmoja nikarudi kutoka shambani nikakuta nimetengewa ugali na kuku, bakuli zima. Shemeji, dada na mtoto wao wa kike walikuwa wanakula ugali kwa mlenda.

"Kula, mdogo wangu, umechoka," dada alisema.

Mtoto akanyoosha mkono kwenye bakuli langu. Dada akaupiga.

"Hiyo ya mgeni," mtoto akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyekosea.

"Mimi ni mjomba wako," nikamwambia.

"Mjomba mgeni."

"Nyamaza ule," dada akasema, wala hakuniangalia.

Nikala. Nyama ilikuwa nyeusi karibu na mfupa. Nilipokwenda kunawa nyuma ya nyumba nikakumbuka kwamba shemeji akichinja huimwaga damu yote chini na kuifukia kwa udongo, maana sheria inasema uhai umo kwenye damu. Manyoya niliyaona kwenye shimo la taka. Udongo uliofukuliwa sikuuona. Nilizunguka uani nikipapasa kwa mguu kama mtu aliyedondosha ufunguo. Nikajiambia labda amechinjia kwingine. Lakini kuku akaja tena kwangu wiki ileile, nao wakala maharage. Tangu hapo kila sahani niliiangalia mara mbili, ya kwangu na za wenzangu.

Shemeji alikuwa amenipa Biblia nisome Kumbukumbu la Torati, pale panapotaja wanyama, samaki na ndege. Aliniambia niishie kwenye wadudu wenye mabawa. Mimi husoma kwa kidole, nikishaingia kwenye mistari sijui vizuri pa kutokea, nikapitiliza. Mbele kidogo upo mstari unaokataza kula mnyama aliyekufa mwenyewe. Unasema anaweza kupewa mgeni anayekaa ndani ya malango yako, yeye ale. Kidole changu kilikaa pale muda mrefu.

Nilimfuata dada jikoni alipokuwa peke yake.

"Dada, wale kuku walichinjwa?"

Akaendelea kupepeta mtama. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Niliwachemsha sana," akasema. "Nikawakaanga. Usingeumwa."

"Sijauliza kuumwa."

Hapo akaacha Kiswahili akaongea Kinyiramba, kama tulivyokuwa tukiongea kwa mama. Alisema mume wake aliona ni hasara kutupa nyama, na kwa kuwa mimi sijabatizwa, kwangu haina kosa. Alisema nikibatizwa tutakula pamoja.

"Na wewe ulimjibu nini?"

Alipuliza makapi mpaka ungo ukawa safi, akaendelea kupuliza.

Jioni nilimwamkia shemeji shikamoo, nikakaa. Nikamwambia, "Shemeji, ulisema lile shuka lilihusu watu."

Shemeji akasema, "Siku hizi unasoma kweli."

"Ulisema mtu asiitwe najisi."

"Nani kakuita najisi? Nimekupa nyama, sijakupa jina." Akageukia mlangoni akamwita dada, "Mama, ndugu yako ananisomea hukumu huku." Kisha akasema taratibu, "Kijijini kwenu mlikula kuku wa mdondo, au hamkula?"

Tulikula. Kila mwaka tulikula, lakini tulikula wote, na mama alianza. Hilo sikuweza kulitoa mdomoni. Nilisema tu kwamba Jumamosi, siku niliyopangiwa ubatizo, sitaingia majini.

Jumamosi sikuingia. Siku iliyofuata shemeji aliniita uani nimuone akichinja jogoo mzima, akafukia damu mbele yangu, akapiga udongo kwa jembe. Mezani bakuli likawekwa katikati. Mkono wangu haukwenda. Dada akachukua kipande cha kwanza, akatafuna ananiangalia, akameza. Ndipo nikala.

Mpaka leo dada hula wa kwanza. Sijui kama ni kwa kunipenda, au ameambiwa afanye hivyo mpaka nikubali maji. Na nikikubali, sijui nitakuwa nimebatizwa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kuwekwa kwenye bakuli moja na dada yangu. Shemeji haniulizi. Ananisubiri tu.

Ninyi mnaosoma, hasa mnaozishika sheria hizi majumbani mwenu, naomba mniandikie. Niambieni kama ule mstari wa mgeni nao mnaushika, na kwenu mgeni ni nani. Msiogope kuandika kwa urefu.