Nusu Mzunguko wa Skurubu

Afadhali niseme mapema, kabla hamjaisikia kwa watu wa Butembo ambao hupenda kuongeza chumvi: ni mimi niliyeingiza pikipiki ndani ya chakula cha askari, ni mimi niliyemfanya mkuu wa shule alale kifudifudi katika matope akiwa amevaa suti, na yote hayo kwa sababu ya skurubu moja ambayo niliambiwa waziwazi nisiiguse.

Wakati ule nilikuwa na diploma ya électromécanique, yaani umeme na mitambo, na sikuwa na kazi. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa ameniachia pikipiki aliyoinunua Uganda, pikipiki ya injection, yaani ile ambayo petroli yake inapimwa na kompyuta ndogo na kusukumwa na pampu iliyo ndani ya tangi. Ni kitu kizuri mpaka kikutane na petroli yetu ya chupa, ile ya kando ya barabara, ambayo hata anayeiuza hajui ndani yake mna nini. Pampu ikafa. Nikapata nyingine, nayo ikafa. Butembo utapata karibu kila kitu, lakini mashine ya kuisoma ile kompyuta haikuwepo, na siku zile za vita haikuwa busara kuzunguka mbali kuitafuta. Basi nikaipeleka kwa Papa Paluku, fundi wa mtaa wa Vulamba, ambaye alikuwa amekwisha kubadili nyingi za namna hiyo kuwa za carburateur, ile kabureta ya zamani isiyohitaji kompyuta.

Papa Paluku aliishia shule ya msingi. Mimi nilikwenda na daftari. Kwa siku tatu nilikaa kwenye jiwe karibu naye, nikiuliza na kuchora, naye akifanya kazi: alitoa pampu, akaziba tundu lake kwa bamba, akafunga robinet, kibomba cha kufungulia, chini ya tangi ili petroli ishuke yenyewe, akaweka carburateur, kisha akabadili na kisanduku cha kuleta cheche (maana ile kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiamuru cheche pia, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma chuoni na kulisahau). Pikipiki ikawaka, ikakimbia vizuri sana. Ubaya wake ulikuwa katika mwendo wa polepole, ambao mafundi huuita ralenti. Ukiachia gesi, kile kishikio cha mafuta, inatetemeka, inakohoa, inazimika.

"Ralenti bado," Papa Paluku akasema, akigusa mpira unaounganisha carburateur na injini. "Huyu mupira wa admission iko napitisha hewa, nitatafuta ingine. Kesho asubui kuya nayo, tuipashe joto kwanza, kiisha tuireglé. Na hii vis, hii skurubu, mwana wangu, usiiguse. Ukiipandisha ikiwa baridi, ikipata joto itakukimbiza."

"Ndiyo, Papa."

Nikaliandika hata hilo katika daftari.

Jioni ile nikiwa natoka misa nilikutana na préfet, yaani mkuu, wa shule moja ya ufundi ya Beni, mtu wa Kasaï aliyetumwa huku na serikali. Alikuwa akitafuta mwalimu wa mazoezi ya mekanika, na barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa mezani kwake tangu mwezi uliopita. Akaitazama pikipiki, akainama, akaona ile carburateur.

"Hii ilikuwa injection, si ndiyo? Umeibadili wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini mimi nikianza kufikiri sisimami: nilikuwepo muda wote, michoro ni yangu, maswali mengine niliyouliza pengine yalimsaidia fundi, na kusema "wewe mwenyewe" kunaweza kumaanisha mambo mengi. Nikasema, "Ni mimi, Monsieur le préfet."

"Vizuri. Basi kesho asubuhi unipeleke Beni. Nitakagua kazi yako nikiwa nimeikalia."

Asubuhi Butembo ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Pikipiki iliwaka, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Kupita kwa Papa Paluku sikuweza, kwa kuwa préfet alikuwa akinisubiri mtaa huohuo, na angemwona mwenye kazi. Na kumfikia préfet na pikipiki inayozimika kila nikiachia gesi sikuweza pia. Nikachukua bisibisi. Nusu mzunguko tu, nilihesabu. Injini ikatulia, ikaimba vizuri, nami nikaona kwamba kumbe nilisoma kitu.

Njiani mambo yalikwenda sawa. Préfet alikaa nyuma na valise yake, sanduku dogo, magotini, akinisifu sikioni. Lakini kadiri tulivyoteremka kuelekea Beni ndivyo hewa ilivyopata joto, na injini nayo, na kila nilipoachia gesi ile sauti ilibaki juu, kama mtu anayeendelea kugomba baada ya wenzake kunyamaza.

Sasa, barabara ile ina barrière za askari, vizuizi vya kamba, na kila mtu anajua desturi: unafika, unashuka, unazima, unaisukuma kwa mkono mpaka uvuke kamba, na abiria wako anatembea pembeni. Kwenye barrière ya kwanza nilifanya hivyo. Kuiwasha tena kulichukua mateke kumi na moja. Niliona midomo ya préfet ikihesabu.

Kwa hiyo tulipofika barrière kubwa ya kuingilia Beni, nikaamua nisiizime. Pale pana kilima kidogo chenye matope. Nikashuka, nikaweka gia ya kwanza, mkono wa kushoto ukashika clutch, nikawa naiachia kidogo kidogo, ikatembea kando yangu kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kulikuwa na akina mama wenye mizigo ya ndizi, vijana wa taksi, foleni nzima.

"Wee petit, zima moteur!" adjudant, mkubwa wa askari wa pale, akasema kutoka kwenye kibanda.

Nikashtuka. Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo. Mkono niliounyoosha, marafiki zangu, ulikuwa wa kushoto.

Pikipiki nyingine ingezimika hapo. Hii, pamoja na nusu mzunguko wangu, iliruka. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika gesi, na kadiri ilivyonivuta ndivyo nilivyoifungua, nikakimbia nayo hatua tano au sita mpaka nikaanguka, yenyewe ikaendelea, ikaikata kamba, ikaingia kibandani, ikapiga sufuria ya maharage ya kikosi kizima. Nikasikia bunduki zikikokiwa. Foleni yote ikalala chini. Askari mmoja alipoizima hapakuwa na sauti ila maharage yakitokota juu ya injini.

Adjudant akaja akasimama juu yangu.

"Weye uko rebelle?"

"Hapana, mon adjudant. Niko licencié, niko na diploma."

"Licencié ya nini?"

"Ya électromécanique."

Mmoja wa akina mama akacheka akiwa bado amelala. Kisha wakacheka wote, askari nao, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoniokoa.

"Na hii piki, nani alitengeneza?"

Nikaanza kufikiri. Nikisema mimi, nakubali kosa lote. Nikisema Papa Paluku, namtupia fundi kosa ambalo si lake, na préfet anajua kwamba nilimdanganya. Nilikuwa bado nafikiri wakati kichwa cha préfet kilipoinuka kutoka matopeni.

"Ni yeye mwenyewe, mon adjudant. Aliniambia jana."

"Basi atengeneze, tuone."

Nikaiwasha, nikapiga magoti. Skurubu ziko mbili. Nikagusa ya hewa, injini ikakohoa ikafa, na foleni ikasema "aaa" kwa pamoja. Ndipo askari mmoja mwembamba, aliyekuwa bado ameshika sahani yake tupu, akanisukuma kwa goti. Akapapasa ule mpira, akaupata ufa, akaufunga kwa kipande cha chambre à air, mpira wa ndani wa tairi, kisha akairudisha ile skurubu nyingine chini. Nusu mzunguko. Akapiga teke moja. Tuk, tuk, tuk, polepole, kama saa ya ukutani.

"Mutu mwenye alifunga hii carburateur alifunga muzuri," akasema, bila kumtazama mtu. "Mupira tu ndio ilichoka. Mwenye alipandisha vis ndiye mujinga."

Sikuweza tena kufikiri, na ikawa afadhali. "Fundi ni Papa Paluku wa Vulamba," nikasema. "Vis ni miye."

Adhabu ilikuwa kupika upya. Nilichota maji, nikachambua mawe kwenye maharage, nikapuliza moto, na préfet akaketi juu ya valise yake akisubiri suti ikauke. Kila pikipiki iliyovuka, mwenyewe aliniita "Ingénieur" na kuuliza kama chumvi imekolea. Baadaye nilimfikisha préfet shuleni. Alishuka, akajifuta, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Huyo Papa Paluku anapatikana wapi?"

Leo Papa Paluku ndiye anayefundisha mazoezi katika atelier, karakana ya shule ile, kila Alhamisi, bila diploma. Nami nilichukuliwa muhula uliofuata, baada ya kuandika barua nyingine isiyo na uongo: naandika ubaoni yale anayoyasema. Tukifika kwenye somo la ralenti yeye husema tu, "Kulikuwa mutu moja," hataji jina, na darasa zima hugeuka kunitazama. Mimi huendelea kuandika. Bisibisi huwa mfukoni mwangu, na haitoki humo mpaka injini ipate joto, na mpaka mzee yule anyooshe mkono na kusema, "Sasa, leta."