Orodha ya Damu

Nilikuwa karani wa masjala, elimu yangu darasa la saba, katika hospitali ndogo ya Igogo, mojawapo ya zile zilizofunguliwa serikali iliporuhusu tena hospitali za watu binafsi. Kompyuta ilipoletwa, fundi alinifundisha kuingiza orodha ya watu waliopimwa na kukubali kutoa damu: jina, kundi, mahali anapokaa. Niliandika mwezi mzima kwa vidole viwili. Nilipomaliza, madaftari ya zamani nikampa mama muuza maandazi wa getini, afungie. Hakuna aliyeniagiza. Nilipenda tu kuona rafu tupu.

Baadaye fundi aligombana na daktari, mwenye hospitali, juu ya mkataba. Asubuhi moja kompyuta ikadai neno la siri tusilolijua. Siku hiyohiyo mke wangu alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na damu ikawa haikatiki. Kundi lake lilikuwa adimu. Ndugu waliopimwa hawakulingana naye, na hospitali kubwa walisema hawana damu hiyo.

Daktari alimpigia fundi simu. Nilisimama karibu, nikasikia.

"Neno ninalo kichwani, daktari. Lipa kwanza."

"Wewe ni jambazi!"

"Jambazi anavunja mlango. Mimi nimefunga tu."

Daktari akakata simu. Nilimpigia magoti. Saa sita akakubali kulipa. Saa tisa fundi akaja, akabonyeza herufi chache, orodha ikafunguka.

Waliolingana na mke wangu walikuwa wawili. Mmoja alikaa Mkolani, mbali. Wa pili, mahali anapokaa paliandikwa nyumba yetu ya kupanga, chumba kinachofuata. Jina lake niliwahi kuliandika mwenyewe nisilitambue, maana sote tulimwita kwa jina la mwanawe.

Nilikimbia kumwita. Alikuja na povu la sabuni mikononi. Muuguzi alitupokea mlangoni, akatikisa kichwa.

Msibani yule mama jirani aliniuliza taratibu, "Ukuta mmoja, baba. Mbona hukugonga?"

Sijui kama damu yake ingemponya.

Tangu hapo, kila Ijumaa ninanakili orodha yote kwa mkono, madaftari mawili. Moja linabaki masjala. La pili linakaa chumbani kwa yule mama, na kila ninapolipeleka ninabisha hodi.