Siku Niliyokuwa Dereva Kwenye Posa ya Mwanangu

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na ningeendelea kuikalia kama wajukuu wangu wasingeisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi, hata siku hizi wanaambiwa pikipiki yangu iliruka mto. Haikuruka mto. Iliruka kalvati, kijidaraja cha bomba la maji chini ya barabara, na aliyeiendesha ni mimi, baba wa kijana anayeposa, mtu ambaye Sosiot yote ilimjua kwa kupima kila kitu mara mbili kabla ya kukata.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na kazi ya kukagua ng'ombe kwenye majosho, na pikipiki niliinunua kuukuu kwa Mzungu mmoja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Kwa kuwa shule niliiacha mapema, ufundi wake nilijifundisha kwa kitabu cha Kiingereza na kamusi pembeni, neno kwa neno, mpaka mke wangu akawa anawaambia majirani kwamba nimeleta mke wa pili nyumbani, wa chuma, na huyo ndiye ninayempaka mafuta.

Mwaka mmoja mwanangu Kipkoech alitaka kumwoa binti wa arap Bett (arap kwetu ni "mwana wa"), upande wa Mogogosiek. Tulikuwa tumeshakwenda mara mbili, na safari ya tatu ndiyo ya kupewa jibu. Tulijua pia kwamba kuna ukoo mwingine kutoka Kapsoit unaopiga hodi kwenye mlango uleule. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Mzee arap Tonui, mtu mwenye maneno matamu kuliko asali na kiuno kibovu kuliko daraja la miti. Mara mbili za kwanza alijikongoja kwa miguu; sasa asingefika. Na pikipiki alikwisha kuipanda mara moja, akashuka akasema, "Kijana wangu, kiuno changu kimeniuliza nimekikosea nini."

Hapo ndipo nilipoamua kumtengenezea mzee njia laini. Nyuma ya pikipiki kuna shokamzoba mbili, vile vyuma vyenye springi vinavyobeba gurudumu, na zangu zilikuwa zimechoka, ngumu kama jiwe la kusagia. Nikapata nyingine mjini Kericho, za pikipiki kubwa iliyogonga mti, nikazifungua, nikazisafisha, nikazisugua zikang'aa. Ndani nilikuta mafuta meusi yanayovuja. Kitabu kilisema yajazwe mapya. Lakini mimi, baada ya kufikiri sana (na huu ndio ubaya wa mtu anayefikiri peke yake), nikaona mafuta hayo kazi yake ni kuzuia kutu tu, na kwa kuwa yangevuja na kumchafulia mzee koti, heri niziache kavu na kupaka grisi kidogo. Nikafunga. Nikakalia kiti pale uani, nikajitupa juu na chini, kikanirudisha kama godoro la hospitali. Nikamwita mzee naye akakaa. "Ah," akasema, "hii sasa ni Ulaya."

Kumbe mafuta yale ndiyo yanayoishika springi isirudi kwa fujo. Bila mafuta, ukiibonyeza inaruka, ikiruka inashuka, ikishuka inaruka zaidi, na hakuna wa kuiambia basi.

Barabara ilipokuwa tambarare tulikwenda vizuri, mzee nyuma yangu na koti lake refu, kofia, na fimbo mkononi, akiwasalimia watu kama chifu. Halafu tukaanza kuteremka katikati ya mashamba ya chai, penye vile vituta vidogovidogo vya murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na pikipiki ikaanza kuruka kidogo, kisha zaidi, kila kituta kikiongezea kile kilichotangulia, nami nashika breki na mzee ananipiga fimbo begani, "Punguza! Punguza!" na wanawake waliokuwa wakichuma chai wakasimama na vikapu vyao mgongoni kututazama, na mbele yetu nikaona ile kalvati, na nikajua.

Mimi na pikipiki tuliishia mtaroni, kwenye matope. Nilipoinua kichwa, sikumwona mzee.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mmoja wa watu wanaokwenda kuposa akianguka njiani, na hasa msemaji wao, safari imekufa. Wanarudi nyumbani, na jibu walilokuwa wanalifuata linaweza kwenda kwa wengine. (Mimi ni mtu wa kanisa, lakini arap Bett alikuwa mtu wa mila, na binti ni wake.) Nikiwa pale mtaroni niliuona ule ukoo wa Kapsoit ukimchukua mke wa mwanangu.

"Msiniguse!" Ilikuwa sauti ya mzee, kutoka juu. Alikuwa amekaa juu ya chai. Mnajua jinsi chai inavyokatwa sawasawa kama meza. Basi alikuwa mezani, kofia kichwani, fimbo mkononi, miguu inaning'inia. "Kabla hamjanigusa, niambieni. Nimeanguka?"

Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. "Mzee, wewe umeruka," mmoja akasema. "Hata ndege hutua vibaya kuliko wewe."

"Udongo umenigusa?"

"Bado."

"Basi nishusheni kwa miguu, taratibu, na nyote mtazame."

Wakamshusha kama mtoto anayetolewa mgongoni. Mama mmoja aliyemshika mkono akauliza, "Na mnakwenda wapi, mmevaa hivi?"

"Kwa arap Bett."

"Huyo ni kaka yangu," akasema, akanitazama mimi niliyejaa matope, kisha akaenda kuomba ruhusa kwa nyapara.

Mzee alikataa katakata injini iwashwe tena. Akapanda kiti, mimi nikasukuma, kilima chote cha ng'ambo, yule mama mbele yetu, wenzake wakitupigia vigelegele. "Sasa ndiyo raha," mzee akasema juu ya zile springi zangu. "Mwendo huu ungekuja nao tangu nyumbani."

Arap Bett na wazee wake walikuwa langoni. Habari ilikuwa imetutangulia.

"Tumesikia msemaji ameanguka," alisema, bila hata salamu.

"Muulize dada yako," mzee akajibu.

"Udongo haukumgusa," yule mama akasema. "Nilimpokea mimi kwa mikono yangu. Ametua kwa miguu."

Wazee wakanong'onezana. Kisha arap Bett akaninyooshea kidole. "Na huyu mwenye matope hadi masikioni?"

Nilifungua mdomo. Mzee akaniwahi. "Huyu? Huyu ni dereva tu."

Arap Bett alikuwa amekula nami mara mbili. Alinitazama, nami niliona shavu lake likitetemeka kwa kicheko alichokizuia. "Dereva," akasema, "hajatumwa kuleta maneno. Dereva akae na mashine yake."

Ndivyo posa ya mwanangu wa kwanza ilivyozungumzwa ndani, na mimi nje, nimeegemea pikipiki, matope yakinikaukia, kuku wakinizunguka. Nilisikia sauti ya mzee ikipanda na kushuka. Mama wa binti alinitolea maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kibuyuni, kwenye kikombe. "Kwa dereva," akasema, akakimbia kabla hajacheka.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye chai arap Bett alipotoka. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Dereva, kazi yako imekwisha. Mwambie baba wa kijana aingie, tumempa mke."

Niliingia hivyohivyo na matope yangu, nikakaa nilipoonyeshwa.

Mama yule wa chai, mzee wetu, na arap Bett, kila mmoja angeweza kusema neno moja tu na kutumaliza, na hakulisema. Nimewashukuru wakiwa hai, na waliotangulia nawashukuru kaburini. Shokamzoba nilizijaza mafuta wiki ileile. Na tangu siku hiyo, nikitengeneza kitu, wa kwanza kukipanda barabarani ni mimi, peke yangu, tena mbali na kilima.