Mume wa Shosho Alipokwenda Ng'ambo

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Baba yangu na ndugu yake walifuata mila hiyo, kwa hivyo mimi na binamu yangu tuna jina moja, la guka, babu yetu, ambaye alikufa zamani. Na shosho, bibi yetu, mjane wake, kama walivyo shosho wote wa kwetu, alituita sote wawili mume wangu. Tofauti ni kwamba mimi nililelewa naye Kalimoni tangu nikiwa na miaka miwili, mama akihangaika na biashara ya nguo Ruiru. Binamu yangu alikuwa mume wa Krismasi tu, na shosho hakuacha kumtania kwa hilo.

Nilipopata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, shosho alikuwa ameanza kupotea. Alitia sukari kwenye githeri, mahindi na maharagwe. Alimtafuta jogoo tuliyemchinja mwaka uliotangulia. Daktari wa Thika alituambia ugonjwa huo haurudi nyuma. Lakini mimi alinijua bado, na uji aliunywa kutoka mkononi mwangu peke yake.

Mama aliniuliza mara moja tu, jikoni kwake Gatongora, kulekule Ruiru.

"Na shosho?"

"Ni miezi sita tu, mum."

Niliitamka hiyo "tu" kwa wepesi ambao sasa unanitia hasira.

Siku ya kuondoka, shosho alitemea mate viganjani akanipaka usoni, baraka ya kizamani. Kisha akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikasema jioni. Miezi sita asingeielewa, na mimi nilikuwa na haraka ya ndege.

Wenzangu tuliokwenda nao hupenda kusimulia walichojifunza kule. Nami nilijifunza. Nilijifunza kupika supu ya viazi, kufika dakika tano kabla ya wakati, kunyamaza ndani ya treni. Jumapili nilipiga simu ya video, mama akimshikia shosho. Shosho aliipindua simu aone nimesimama wapi nyuma yake, na asiponipata alilia. Mara ya nne nikamwambia mama tuache, inamsumbua mzee. Uongo mtupu. Ilinisumbua mimi.

Mwezi huohuo, darasani, tulijadili makao ya wazee. Nikainua mkono nikawaeleza Wajerumani wale kwamba kwetu hatuwaachi wazee wetu, wanakaa na watu wao mpaka mwisho. Mwalimu alinisifu mbele ya wote. Nikakaa chini nimejivuna kama kuku aliyetaga.

Niliporudi, mama alinipokea uwanja wa ndege, na tulipofika nyumbani na kuvua viatu akaniambia.

"Shosho yako alikuwa anasimama kwa gate kila jioni. Anasema mzee wake anarudi. Mvua inanyesha, amesimama tu. Akakataa kukula. Akakonda, akakonda. Sasa ungetaka tufanye aje?"

Walichofanya ni kumwita binamu yangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Githurai 45, na karakana ilikuwa imefungwa, hana kazi. Alifika Kalimoni jioni moja, shosho akamuuliza yeye ni nani, akataja jina lake. Hakudanganya, ni jina lake. Shosho akamshika mkono, akaingia naye ndani, akala.

Mimi nilikwenda Kalimoni asubuhi baada ya siku niliyorudi. Binamu yangu alinikuta uani kabla sijaingia, akakosa pa kuweka mikono.

"Buda, nimemshow mimi si wewe. Namwambia kila siku, mara mob. Hataki kuskia."

Shosho alikuwa ameketi penye jua, amenenepa kidogo, kichwani kitambaa safi. Alinipa mkono kama anavyompa pasta. "Wewe ni wa nani?" Nikataja jina. Akacheka, akamwelekezea binamu yangu kidole. "Hilo ni la mume wangu, yule pale."

Nikaenda jikoni nikakoroga uji wa wimbi na ndimu, vile anavyoupenda. Nikampelekea kikombe mdomoni. Akafumba midomo, akageuza uso. Nikabembeleza. Akaanza kuogopa. Binamu yangu akakichukua kikombe kilekile, uji uleule niliopika mimi, na shosho akaunywa wote. Nilimchukia binamu yangu dakika ile. Bado namchukia kidogo, ingawa hana kosa, na ingawa amekataa kazi mbili ili asimwache.

Naenda kila Jumapili kutoka Ruiru, na kila Jumapili najitambulisha upya. Mwanzoni nilidhani atanizoea. Sasa sidhani, na daktari naye ameacha kunipa maneno ya kunifariji. Naketi kwenye kiti cha wageni, nakunywa chai ya wageni.

Jumapili iliyopita alikuwa mchangamfu. Aliniuliza kama nami nina shosho. Nikasema ninaye.

"Ana afya?"

"Anaumwa, shosho."

Akasikitika kweli, akanipapasa goti. "Na wewe uko huku. Nani anamlisha?"

"Ni binamu yangu."

"Huyo ni mtu mzuri. Umemshukuru?"

Binamu yangu alikuwa ameketi karibu nasi, kikombe mkononi, akitazama chini.

"Mshukuru," shosho akasema, kwa sauti aliyokuwa akinikaripia nayo nikiwa mdogo. Nikamgeukia binamu yangu, nikamshukuru.