Muthokoi Kwenye Sinia ya Idd

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko la Machakos, vyumba vitatu na ua wa saruji, na siku ya Idd ilibeba watu thelathini na zaidi. Baba alikuwa fundi cherehani. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Pwani kabla hajazaliwa. Mama alikuwa Mkamba wa Muthetheni, binti wa mzee wa kanisa. Alisilimu ili waoane, na tangu hapo hakuna mtu wa kwao aliyekanyaga kwetu.

Kila mwaka aliwaalika, akituma salamu kwa akina mama wa Muthetheni walioleta mbaazi sokoni. Jibu lilikuwa lile lile: wako na shughuli. Mama hakulalamika. Ila siku ya Idd, akikoroga pilau, kila lango lilipolia aligeuka.

Nilikuwa darasa la sita mwaka ule wa mvua nyingi. Tulikuwa tumetoka kuswali, sinia zimepangwa juu ya mikeka, wageni wamenawa mikono, ndipo lango likalia na Susu akaingia. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake Mama, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kumwona ila kwenye picha. Raba zake zilijaa matope. Kiondo kilikuwa mgongoni, kamba yake ikipita juu ya kichwa.

Mama alikuwa ameshika bakuli la kachumbari. Aliliweka chini.

"Mwaitu," akasema. Mama yangu. Sijasikia tena neno likisemwa vile.

"Barabara imekatika," Susu akajibu kwa Kikamba. "Nimetembea kutoka mtoni."

Kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe wanaoneana haya, hawaangaliani usoni. Susu aliketi akitazama ukuta, Baba akasimama upande wa pili wa ua akitazama viatu vyake. Kila neno lilipitia kwa Mama, aliyesimama katikati akitafsiri, maana Kikamba cha Baba kilikuwa cha sokoni tu.

Susu akafungua kiondo na kutoa sufuria mbili zilizofungwa kwa leso. Ya kwanza ilikuwa na kuku.

"Nimemchinja asubuhi kwa mkono wangu," alisema. "Nimesikia siku yenu mnakula nyama."

Shangazi, dada yake Baba, akamnong'oneza Mama, "Pokea tu. Tutamwaga akishaondoka."

Baba alisikia. "Chakula cha mzazi hakimwagwi," akasema. "Mwambie ukweli."

Mama akamgeukia Susu. "Mwaitu, huyu kuku hatuwezi kumla. Nyama yetu inachinjwa na Mwislamu, kwa jina la Mungu."

Susu akamfunika kuku kwa leso. "Mimi pia niliomba kabla ya kumchinja."

Mama alishindwa kutafsiri hilo. Baba akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema na yeye aliomba."

Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Muulize kwenye ile sufuria nyingine kuna nini."

Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yamepikwa na mbaazi na vitunguu. Bado ulikuwa na joto.

"Basi huo naomba," Baba akasema. Alichukua sinia ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akasogeza pilau pembeni, akampa Mama aweke muthokoi katikati. Akaketi, akasema bismillahi, akala. Watu walimtazama tonge la kwanza na la pili. Kisha Shangazi akanyoosha mkono, na wengine wakamfuata.

Jirani yetu, mwalimu Mkristo ambaye hakukosa Idd yetu hata mara moja, akasogeza kigoda karibu na Susu. "Huyu kuku ni wangu na wako, mama," akamwambia kwa Kikamba. Wakamla wawili, na kwa mara ya kwanza nikamwona nyanya yangu akitabasamu.

Baadaye niliwakuta jikoni, Mama na Susu, wameketi sakafuni. Susu alikuwa amemshika Mama kifundo cha mkono, anakipima kwa vidole.

"Umekonda," alimwambia.

"Ni mfungo tu."

"Hapana. Umekonda."

Mama akaegemeza kichwa begani mwake, nami nikarudi uani bila kuchukua nilichotumwa.

Susu alikuja Idd tatu baada ya ile. Kuku alimleta hai, akampa Baba amchinje, na pilau akaizoea ingawa alilalamikia viungo. Kisha miguu ikamkataa, Mama akawa anamwendea Muthetheni. Alifariki tukiwa tumeingia miaka ya elfu mbili. Mama alimfuata upesi kuliko tulivyotarajia, na Baba akauza nyumba akahamia Pwani kwa dada yake.

Idd yangu ya kwanza kama mwenyeji niliifanyia Syokimau, karibu na Nairobi, kwenye sebule ndogo. Nilialika watu ishirini. Walikuja tisa, wengine walipiga simu, na kaka yangu alipiga kutoka Dubai, akaniomba niweke simu karibu na sufuria asikie pilau ikichemka. Niliiweka.

Kuna jambo ninalotamani ningemuuliza Mama: ilikuwaje kusimama katikati ya ua ule, akiyabeba maneno ya watu wawili aliowapenda. Nilikuwa na miaka ya kutosha ya kumuuliza. Badala yake tulikuwa tukiongea mambo ya chumvi na mchele tu.