Ruhusa ya Kuangalia Tu

Mimi ndiye niliyempunguzia ruhusa mzee aliyenifundisha kazi. Tulikuwa mafundi wawili wa mtandao katika kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi. Antena zote za wifi, kuanzia ofisini hadi kwenye mizani ya malori, yeye ndiye aliyezifunga. Neno la siri lilikuwa moja kwa zote, na hata walinzi walilijua.

Shefu akaniagiza niweke seva moja ya kumtambua kila mtu kwa jina lake. Nikapewa pia kazi ya kugawa ngazi za ruhusa: ya kuangalia tu, ya kuwasha na kuzima, ya kubadilisha yote. Nilijipa ya juu. Mzee nikampa ya chini kabisa, nikamwambia shefu kwamba mitambo mipya ingemsumbua. Uongo. Nilikuwa nimechoka kusahihishwa naye mbele za watu.

Hakulalamika. Kila asubuhi alinisalimu vilevile, "Mama, ulilala muzuri?"

Wiki chache baadaye mtandao wa mizani ulikatika, na malori yaliyotoka Tenke yakapanga foleni mpaka barabarani. Shefu alituita. Kabla hajamaliza kuuliza, nikasema, "Ni tata huyu, huyu mzee. Jana nilimwona anashika mashine."

Mzee aliniangalia, wala si kwa hasira. "Mama, mi naangaliaka tu. Kubadirisha, weye ulinikatalia."

Nilikuwa nimesahau. Shefu akataka nifungue kumbukumbu za seva palepale. Jina lililokuwemo lilikuwa langu. Jana yake, nikikimbilia mazoezi ya kwaya, nilibadilisha masafa ya antena ya mizani nikidhani ni ya ofisini.

"Labda seva imekosea," nilisema. Hata hapo sikukiri.

Mzee aliinama karibu na kiti changu. "Rudisha ya zamani, mama. Balori banangoja." Akanitajia tarakimu za masafa moja moja, kutoka kichwani, nami nikaziandika mpaka mtandao wa mizani ukarudi.

Siku hiyohiyo nilimpandisha ngazi bila kumwambia neno. Kesho yake, akila bukari, ugali wake wa mchana, alisema tu, "Niliona," akaendelea kula.

Alipostaafu na kurudi kwao Mutshatsha, ni mimi niliyesoma hotuba ya kumuaga. Nilimsifu mpaka watu wakapiga makofi. Habari ya mizani sikuigusa. Namba yake ya simu ninayo, na msamaha sijamwomba.