Neno Nililojifanya Nalijua

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu hapa Toronto, ipo moja ambayo naikumbuka hadi rangi ya zulia la korido. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tisa, na asubuhi yake nilisema uongo wa neno moja tu. Sijawahi kumsimulia baba yako habari hii. Nakusimulia wewe kwa sababu jana uliniletea ile fomu ya mpango wa masomo yako ya uzamili, ukaniambia nitazame kama iko sawa, na mimi nilipofika kwenye kisanduku cha lugha nikaiweka kando.

Najua unanisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Si neno. Leo sikiliza tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Babu yako, pale Tanga, aliwahi kuwa dereva wa madaktari wa Kirusi waliokuja kufanya kazi hospitalini, na kwao akajifunza kusalimia, kushukuru na kuhesabu hadi kumi. Akatufundisha na sisi. Mimi nikayapenda mambo hayo kupita kiasi. Chuoni nikasoma historia, nikaandika insha yangu ya mwisho kuhusu wale madaktari, na baadaye nikapata ufadhili wa kuja huku kusoma shahada ya uzamili katika masomo ya nchi za Waslavi: historia yao, siasa yao, fasihi yao. Mtaa mzima ulikuja kuniaga. Mama alinifungia kanga tatu kwenye sanduku.

Sasa, kwenye fomu ya kuomba nafasi palikuwa na swali: unasoma Kirusi kwa kiwango gani? Nikaandika, vizuri. Ukweli ni kwamba nilizijua herufi za kitabuni, nilijua salamu za babu yako, na nilikuwa nimehudhuria kozi fupi ya miezi miwili. Nilijiambia kwamba nitajifunza nikifika.

Nilipofika nikakuta kwamba kila mwanafunzi hupanga masomo yake mwenyewe, kisha msimamizi wake anatia saini. Semina moja ilikuwa ya lazima, mengine unachagua. Kulikuwa na darasa la lugha la mwaka mzima, lakini halikuhesabiwa kwenye shahada. Ukilichukua, maana yake unakiri kwamba lugha huna. Msimamizi wangu, profesa mmoja mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia, "Kwa kuwa unasoma vizuri, nakushauri uchukue semina ya barua za zamani. Zote ni za mwandiko wa mkono." Nikatabasamu. Nikaiandika kwenye mpango. Lile darasa la lugha nikaliacha. Niliogopa kwamba nikisema ukweli watanikata ufadhili na kunirudisha nyumbani, na sikuweza kuwaza nitashuka vipi kwenye basi pale Tanga na sanduku langu. Kwa hiyo nikawa mtu wa kuogopa kila siku. Nilikuwa nikimwona profesa upande wa pili wa barabara nageuza njia. Fomu ilitakiwa kurudishwa Ijumaa.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya kumi na nne. Milango miwili kutoka kwangu alikaa bibi mmoja wa Kirusi, Bi Vera, aliyeletwa na mwanawe miezi michache kabla. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, akiondoka hukaa siku nyingi barabarani. Bi Vera macho yake yalikuwa na ukungu, kumbukumbu nayo ilianza kumtoroka, na Kiingereza hakukijua hata kidogo. Siku moja kwenye lifti nilimsalimia kwa maneno ya babu yako. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akalia. Tangu hapo kila akinikuta ananisimulia mambo marefu, na mimi naitikia kwa kichwa, nacheka anapocheka. Sikuelewa hata robo. Lakini korido nzima ikajua kwamba yule binti Mtanzania anazungumza Kirusi.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo nilikuwa natoka kwenda chuo, nikakuta mlango wa Bi Vera uko wazi. Muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa Mkenya, jina lake Atieno, mama wa makamo. Tuliwahi kusalimiana mara mbili tatu.

"Rehema, Mungu amekuleta," akasema. "Njoo unisaidie. Mtoto wa huyu mama amesafiri, na hizi dawa za moyo wametoka nazo kwao. Kuna karatasi ya daktari wao hapa. Nisomee, anakunywa ngapi?"

Akanipa karatasi. Mwandiko ulikuwa wa herufi zilizoungana kama uzi uliotatana. Nilitambua neno la asubuhi. Nilitambua neno la jioni. Kando ya kila moja palikuwa na neno lile lile fupi ambalo sikulijua, nikalitazama, na Bi Vera akawa ananitazama mimi kwa tabasamu, na Atieno ameshika kalamu.

Mwanangu, palikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ilikuwa nafasi kubwa tu, hakuna aliyeniharakisha. Lakini nilifikiri: nikisema sijui hapa, habari itafika chuoni. Unaweza kucheka, maana Atieno na chuo changu havikujuana kabisa. Hofu ilikuwa imeshanipotosha akili kiasi hicho. Nikaona lile neno linafanana kidogo na la mbili.

"Viwili asubuhi, viwili jioni," nikasema.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Akaandika. Akampa Bi Vera vidonge viwili na maji, vingine akavipanga kwenye kiboksi chake cha siku za wiki, akasema daktari wa hapa hapokei simu, atampigia tena mchana kuthibitisha. Mimi nikaenda zangu.

Nilifika maktaba nikaitoa fomu yangu niimalizie. Sikuweza kuandika. Lile neno fupi lilikuwa limeganda machoni. Nikalinakili kwenye pembe ya daftari kama nilivyolikumbuka, nikachukua kitabu kinachoonyesha mwandiko wa mkono, nikalinganisha herufi moja moja, kisha nikafungua kamusi. Neno lilikuwa nusu. Nusu kidonge asubuhi, nusu kidonge jioni.

Nikafunga kamusi. Viwili badala ya nusu, kwa moyo wa mtu wa miaka themanini. Namba ya Atieno sikuwa nayo, ya Bi Vera sikuwa nayo. Nikakimbia kituoni.

Treni ilipofika juu ya daraja la bondeni ikasimama. Sauti ikatangaza kwamba tuwe na subira. Chini niliona miti imeanza kuwa myekundu na magari yakipita kama kawaida, na hapo, mwanangu, likanijia wazo ambalo naona aibu kulitamka hadi leo. Niliwaza kwamba yule ni mzee, na moyo wake unaumwa, na ikitokea lolote hakuna atakayeuliza neno moja kwenye karatasi. Ningeweza kurudi maktaba. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha hata nikaanza kutulia. Ule utulivu ndio ulionitisha zaidi ya yote. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha, nikawa sijijui. Treni ilipoondoka sikuwa nimeamua chochote kwa ushujaa. Miguu tu ilishuka kituo cha nyumbani na kuendelea kukimbia.

Nilibisha kwa Bi Vera. Kimya. Televisheni ilikuwa inasikika ndani. Nikabisha kwa ngumi, nikaita jina lake. Nikashuka kwa ngazi kumtafuta mtunza jengo kwa sababu lifti ilichelewa, na yule bwana akaja na funguo zake huku akiniuliza kuna nini, na mimi namwambia tu afungue.

Tulimkuta kwenye kiti. Uso umekuwa kama majivu, ametapika kifuani, macho yako nusu wazi. Alikuwa anapumua. Mtunza jengo akapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Yule kijana wa gari akauliza amekula nini, amekunywa dawa gani.

Nikasema, "Amekunywa vidonge viwili vya moyo. Alitakiwa nusu. Mimi ndiye niliyemsomea karatasi. Sijui Kirusi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo kwa sauti katika nchi hii.

Hospitali walinizuia nje. Niliketi koridoni, na kila mlango ukifunguliwa nilidhani wanakuja kuniambia amekufa. Atieno, aliyepata habari kwa mtunza jengo, alifika baada ya saa moja na koti lake bila kufungwa vifungo. Aliingia ndani, akatoka, akaketi kando yangu. Nilingoja anipigie kelele.

"Yuko hai," akasema. "Wamejua ni dawa gani na ni kiasi gani, ndiyo maana wameweza kumsaidia haraka. Wewe ndiye umewaambia?"

"Ndiyo."

Akafunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema, pole pole, bila kuniangalia: "Rehema, mimi sina hasira kwa sababu hukujua. Hata mimi sijui, ndiyo maana nilikuuliza. Nina hasira kwa sababu nilikuuliza mara mbili. Ungesema sijui, ningempigia mtoto wake huko barabarani, ningetafuta mkalimani, ningekaa hapo hata mpaka jioni. Ulinifungia milango yote hiyo kwa neno moja. Na mimi nina makosa yangu, nilimpa kabla ya kumpata daktari. Hayo nitayaandika kwa jina langu na nitayajibu. Wewe ya kwako utayapeleka wapi?"

Nikainama nikaanza kulia. Aliniacha nilie, akaniletea chai ya mashine, akarudi ndani.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda kwa profesa na fomu yangu tupu. Akanivutia kiti. Nikamweleza yote, kuanzia lile neno "vizuri" nililoliandika nikiwa Tanga hadi Bi Vera. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema, "Jambo hili lazima niliwasilishe kwenye kamati. Siwezi kukuahidi lolote." Nilingoja wiki tatu. Kila bahasha iliyopita chini ya mlango wangu niliiogopa kuigusa.

Waliniacha nibaki, lakini kwa kuanza upya. Semina ya barua ilifutwa kwenye mpango wangu. Mwaka wa kwanza nikawekwa darasa la lugha na watoto wa miaka kumi na minane, pamoja na historia na ile semina ya lazima, basi. Shahada ya miaka miwili ikawa ya mitatu, na mwaka wa tatu ufadhili haukuwepo, nikafanya usafi ofisini alfajiri kabla ya masomo. Wenzangu walivaa majoho nikiwa nimeketi nyuma napiga makofi. Barua za mwandiko wa mkono nilizisoma mwaka wa mwisho, na nilizisoma kweli.

Bi Vera alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Mwanawe alinifungulia mlango, akanisikiliza nikiomba radhi kwa Kiingereza, akasema, "Usishike tena karatasi zetu," akafunga. Sikumlaumu na simlaumu. Bi Vera mwenyewe sikujua kama aliambiwa. Kwenye lifti alinisalimia kama zamani, na mimi nikashindwa hata kumwitikia. Niliapa kwamba nitajifunza kumwomba radhi kwa lugha yake, kikamilifu, bila kubahatisha hata neno. Ilinichukua mpaka majira ya kuchipua. Nilipokuwa tayari nikaenda kubisha, akafungua mtu mwingine. Walikuwa wamehama, na mtunza jengo hakujua walikokwenda. Maneno hayo ninayo hadi leo, na sina wa kumpa.

Sasa turudi kwenye fomu yako. Umeandika kwamba unasoma Kipolishi vizuri. Mwanangu, nakuona kila siku ukijifunza kwenye simu, na nafurahi, lakini hiyo ni miezi minne. Futa neno hilo. Weka darasa la lugha mwanzo kabisa, hata kama halihesabiwi, na ile semina ya nyaraka uisogeze mwaka wa pili. Usirundike masomo manne magumu muhula mmoja ili msimamizi akuone hodari. Mwendee kabla ya siku ya mwisho, umwambie unachokijua na pale unapoishia. Akikwambia itachukua muda zaidi, uchukue. Najua unaogopa. Hofu ya kuonekana hujui ni kali, lakini inakaa dakika chache kisha inapita, na mtu anabaki mzima. Ile nyingine, ya mtu anayejifanya, ilinifuata hadi kwenye kitanda cha mtu asiye na kosa. Na siku watu wakianza kukuletea karatasi zao uwasomee, maana watakuletea, uwe mwepesi wa kusema sijui, nisubiri nitafute anayejua. Ukiulizwa mara ya pili kama una uhakika, ichukue kama nafasi uliyopewa.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa na ulimi usioogopa kukiri. Akukutanishe na walimu wenye subira. Akulinde usimdhuru mtu kwa kutaka kuonekana, na ukikosea akupe miguu ya kurudi mapema, mlango ukiwa bado una mtu wa kuufungua. Amina, mwanangu.